Nimelipa pesa zangu wakanijibu kama mwizi: uzoefu wangu na sintesaiza ya kwenye kompyuta

Niseme mapema, kama umekuja kutafuta inakula RAM kiasi gani na ina priseti ngapi, zile sauti zilizopangwa tayari, nenda kwenye tovuti yao, wameandika yote na picha juu. Mimi nimekuja na hasira. Jina la kampuni naliacha makusudi maana sitaki kugombana na watu wenye mawakili, lakini kama unafanya muziki na umewahi kutafuta plagini, ile programu inayoingia ndani ya programu ya kurekodia, ya kuiga Minimoog, sintesaiza ya kinanda ya zamani, matangazo yao yameshakufuata mpaka usingizini.

Kinachoniuma ni sentensi moja. Mtu wa sapoti aliniandikia, kwa Kiingereza laini chenye tafadhali na asante, eti "tunakushauri ununue nakala yako mwenyewe". Mimi huyu! Ambaye risiti nilikuwa nimeiambatanisha kwenye imeili hiyohiyo anayoijibu, ina jina langu, ina namba ya oda, ina zile tarakimu nne za mwisho za kadi. Hakuifungua. Angeifungua asingeandika hivyo, labda kama ni mtu mbaya tu, na hilo pia silikatai.

Na mjue kununua plagini ukiwa Kampala sio mchezo. Kadi ya benki lazima uende ukawaambie wafungue malipo ya nje, dola inapanda kila ukiangalia, mwisho wa siku ni laki tano na kitu za Uganda zimetoka kwa mtu ambaye studio yake iko chumba cha nyuma Kawempe. Wakati huohuo pale mjini flashi yenye plagini za wizi, hiyohiyo ikiwemo, unauziwa kwa bei ya chakula cha mchana. Nilinunua ya halali kwa sababu nilitaka kitu kimoja tu katika hii laptopu kiwe changu kabisa, kipate apdeti, kisiniletee virusi. Basi.

Sasa shida ni kwamba hiki kitu kinalia vizuri. Kingekuwa takataka ningekifuta nikalala.

Minimoog yenyewe sijawahi kuigusa, ile ya zamani iliyotoka 1970 bei yake leo unapata gari. Lakini nimeisikiliza maisha yangu yote kwenye rekodi za watu, kwa hiyo nilijua natafuta nini. Ile mashine ina osileta tatu, yaani vyanzo vitatu vya sauti, na ndani mle vitu vinayumba na joto, ukiiwasha unaiacha ipate moto kwanza ndio uitune, chumba kikipoa tuni inaondoka tena. Mafundi walikuwa wanalaani, ila ndio utamu wenyewe, maana osileta tatu zisipokubaliana kidogo, hii imepanda kidogo ile imeshuka kidogo, besi inakuwa pana. Kompyuta haina hiyo tabia kwa kuzaliwa, ukiiambia hezi 110, mitetemo 110 kwa sekunde, itakupa 110 mpaka Kiama, ndio maana plagini nyingi za miaka ile ya mwanzo zilikuwa safi mno mpaka hazina damu. Hawa wameiga mpaka lile joto. Shika noti moja ya chini kabisa, iache, sikiliza vile zinavyogongana na kuachana, hairudii mara mbili sawasawa. Nilikaa nasikiliza noti moja tu, mke wangu akachungulia akauliza kama kuna kitu kimeharibika.

Halafu filta, ile inayochuja sauti. Wallahi hiyo filta. Robert Moog alipata hati miliki yake 1969, sakiti ya transista zilizopangwa kama ngazi, na ina kaulemavu kamoja ambako watu tunakapenda, kwamba ukipandisha rezonansi, ule mlio unaosisitizwa pale filta inapokatia, besi inapungua. Plagini ya ovyo inakuachia besi palepale na sikio lako linajua kuna mtu anadanganya hata kama huwezi kueleza. Kwa hii niligeuza kinobu polepole, besi ikarudi nyuma, ile filimbi ikaanza kutoka juu, na ilikuwa kwenye tuni. Hapo kwenye tuni ndipo pagumu. Kwenye mashine ya kweli sauti inayorudishwa ndani ya filta inarudi papo hapo, lakini kompyuta inahesabu sampuli baada ya sampuli, vipande vidogo vya sauti, kwa kawaida 44,100 kwa sekunde moja, kwa hiyo mwandishi wa programu akiwa mvivu ile inayorudi inachelewa sampuli moja, na huko juu rezonansi inakwenda upande. Ili isichelewe lazima hesabu ya sakiti nzima itatuliwe upya ndani ya kila sampuli, ndio maana prosesa yangu inapiga kelele na feni inawaka nikifungua nakala tatu, inabidi nifrizi traki moja, yaani niigeuze rekodi ya kawaida, ndio niendelee na nyingine. Silalamiki hapo. Hiyo ni kazi ya watu waliokaa chini wakafikiri.

Hata ule ujanja wa wazee wa kuchomoa sauti kwenye tundu la hedifoni na kuirudisha kwenye ingizo la nje la mashine hiyohiyo ili ichafuke, wameuweka, kinobu kimoja tu. Aliyeandika sehemu hiyo namvulia kofia, na ningependa ajue anafanya kazi jengo moja na watu gani.

Maana sasa ngoja. Nina mteja, Hajjati mmoja wa Bombo, mwimbaji wa doluka, ngoma ya Wanubi wa huku Uganda, akishika wimbo kwenye arusi ya Wanubi hakuna anayebaki kwenye kiti. Tulikuwa tunajaribu kitu kipya, ngoma zake zilezile, vigelegele vilevile, lakini chini naweka ile besi ya Moog, nene, inatembea taratibu. Amekuja na binti zake wa kuitikia, matatu wamekodi wenyewe, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi kwa hiyo tuko kwenye betri na mimi naangalia ile taa kama mgonjwa. Tukaanza. Yule mama akafumba macho, akaingia ubeti wa kwanza, nikasikia nywele zinasimama, nikasema leo tumepata. Ubeti wa pili, katikati, kwenye hedifoni za watu wote: shhhhhhh. Kimya. Besi ikarudi. Shhhhhhh tena.

Hajjati akafungua jicho moja. "Mwanangu, hiyo mashine yako inakoroma?"

Binti zake wakaangua kicheko. Nikamwambia samahani Hajjati, kitu kidogo hiki, dakika moja tu. Nikafungua dirisha la plagini, imeandika leseni haijathibitishwa, imejigeuza demo, toleo la majaribio, na demo yao ndio hiyo ya kumwaga kelele kila baada ya sekunde kadhaa ili usiitumie bure. Haya, nikawasha data ya simu niingie, ikaniambia akaunti imesimamishwa kwa matumizi yasiyo ya kawaida, wasiliana na sapoti. Nikaingia tena, ileile. Hajjati akanywa chai, akaswali alasiri, akaniangalia kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko angenitukana, akasema "mwanangu tutarudi siku mashine ikiamka". Alirudi kweli baadaye na akaimba vizuri. Lakini sio kama ile. Mimi na yeye tunajua.

Nilikuja kuelewa kilichotokea kwa kuwabana sana. Plagini inapiga simu nyumbani, yaani kwa kampuni kupitia intaneti, kila baada ya muda kuthibitisha leseni, na seva yao iliona eti leo niko Uholanzi, kesho Singapore, keshokutwa Marekani, wakaamua natumia akaunti moja na marafiki wa dunia nzima. Ni VPN jamani, ile programu inayoonyesha kama uko nchi nyingine! Uganda nani hana VPN? 2018 tuliwekewa kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, mpaka bibi yangu akajifunza kuwasha VPN. Hiyo kodi ikaondolewa 2021 ikaletwa asilimia 12 juu ya data yenyewe, na Januari ya mwaka huohuo Facebook ikafungwa, kwa hiyo VPN iko kwenye laptopu ya kila mtu anayefanya biashara hapa, inajiwasha yenyewe, hata huikumbuki. Ni mambo ambayo mtu akiuliza swali moja tu, "ndugu, unatumia VPN?", yanaisha. Hawakuuliza. Walihukumu.

Niliwaandikia nikiwa na adabu kabisa mara ya kwanza, nikaeleza nchi, nikaeleza umeme, nikaweka risiti. Jibu likaja baada ya wikiendi yao kupita, ndio ile sentensi. Nikawaandikia tena, adabu imepungua. Wakataka picha ya kitambulisho. Nikatuma. Wakasema picha haionekani vizuri, wakati mimi nauona mpaka mkunjo wa kola ya shati langu. Banange, mtu anajitetea kama yuko polisi kwa kitu alichonunua!

Naelewa wanaibiwa, sio mtoto mimi. Kazi ya miaka inawekwa kwenye flashi na kuuzwa barabarani, hata nyimbo zangu zinafanywa hivyo. Sasa niambieni: jamaa wa studio ya chini yangu ana plagini hiyohiyo, ya flashi, kraki iliyovunjwa kufuli, hajui hata kampuni inaitwaje, na haijawahi kumkoromea. Wenye flashi walishatoa lile kufuli lote, yeye hapigi simu nyumbani kwa mtu yeyote. Lile kufuli linamfunga nani basi? Linanifunga mimi niliyelipa, na Hajjati asiyejua hata leseni ni nini.

Kwa sasa natumia Surge XT, sintesaiza nyingine ya kwenye kompyuta, ni ya bure, msimbo wake wa programu uko wazi kwa wote, haiulizi uko nchi gani, na kwa pedi, zile sauti ndefu za kutandaza, na vile vitu vya juu nimeridhika kabisa. Kwa besi imenishinda kuipata. Nimekaa usiku nageuza, nafikia karibu, lakini ile kurudi nyuma kwa besi rezonansi inapopanda siipati, inatoka nzuri ya aina nyingine. Kwa hiyo juzi waliponifungulia akaunti, bila maelezo, mstari mmoja tu wa "tatizo limetatuliwa", niliwasha, nikagonga noti ya chini, na lazima niseme ukweli nilitabasamu peke yangu. Nikaanza kuandika hapa nikiwa nimepanga kuwapa nyota tatu. Sauti ni tano, hilo halina ubishi, kama uko sehemu yenye intaneti iliyonyooka na huna sababu ya VPN, kanunue, utafurahi. Kama uko huku kwetu rekodi besi yako kwanza, ibadilishe iwe faili ya odio kabisa, ndio umwite mwimbaji, usiache plagini iko hai mtu anapoimba.

Nyota tatu basi, nikasema, maana hata vocha walikuwa wameniwekea chini ya ile imeili, punguzo la pole kwa ununuzi unaofuata. Sasa hivi ndio nimeibofya. Imeandika ofa hii haipatikani katika nchi yako.

Weka moja.