Ngamba, Ssese na Mabamba kwa boti ndogo: tathmini ya huduma na ya maandalizi yake

Kampuni ninayoitathmini ni ndogo. Ina ofisi ya chumba kimoja mjini Entebbe, Uganda, na boti zake hufungwa katika gati la Nakiwogo. Sitaitaja kwa jina kwa kuwa lipo jambo moja zito ambalo ilikosea. Huduma yenyewe ni safari ya siku tatu kwa boti ya abiria wanane: kwanza kisiwa cha Ngamba kuwaona sokwe mtu, kisha visiwa vya Ssese na malazi katika kisiwa cha Bugala, na mwisho kinamasi cha Mabamba. Watu wengi huchagua safari za namna hii kwa kulinganisha bei na picha za machweo. Mimi naona kipimo cha kuaminika zaidi ni yale unayoulizwa na kuagizwa kabla hujalipa, kwani maandalizi ya safari ya majini hukamilika nchi kavu, na ukishaondoka gatini kilichosahauliwa kimesahauliwa.

Kwa kipimo hicho kampuni hii ilianza vizuri kuliko nilivyotarajia. Karani alitaka kujua uzito wa kila mmoja wetu, nani anajua kuogelea, nani ana pumu, na nani amepata mafua katika siku za karibuni. Mke wangu aliona swali la uzito ni la utovu wa adabu, lakini lina maana yake: boti ndogo iliyoelemea upande mmoja hupokea maji wimbi linapoipiga ubavuni, na jaketi la kuokolea lisilolingana na mwili huteleza na kumpita mvaaji usoni mara tu anapoingia majini. Karani alimvika jaketi palepale ofisini, akafunga vishikizo, kisha akalivuta kwa nguvu kutoka mabegani kwenda juu. Lilipofika masikioni, akalivua na kuleta dogo zaidi. Sijaona mahali pengine nchini wakilifanya hilo kabla ya siku ya safari. Anayekumbuka boti ya starehe iliyozama Novemba 2018 karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, hatauona utaratibu huu kuwa usumbufu.

Siku ya kuondoka nahodha, mwenyeji wa visiwani anayesema Kiganda na Kiswahili bila kusita, alitupanga mwenyewe. “Mama, wewe kaa hapa katikati, hutalowa sana. Mzee, njoo nyuma karibu nami.” Kisha akangoja. Tulikuwa tumeambiwa saa moja asubuhi, lakini hakuondoka mpaka wingu zito la kusini lilipofumuka, na nilimheshimu kwa hilo. Ziwa Viktoria lina tabia yake: usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hutoka pande zote za mwambao na kukutana katikati, hewa yenye joto na unyevu hupanda juu, na radi hupiga ziwani kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana upepo hugeuka, na kufikia alasiri mawimbi huwa mafupi, yaliyobanana, yanayotikisa boti ndogo kuliko mawimbi marefu ya bahari. Muda mzuri, basi, ni ule wa katikati, na nahodha anayeondoka kwa kutazama saa bila kutazama anga si wa kumfuata. Kabla ya kulipa uliza pia kama boti ina injini ya akiba, kwa maana kasia mbili hazitakufikisha popote upepo ukiwa mbaya. Hii ilikuwa nayo, ndogo, imefunikwa turubai, na nahodha aliiwasha mbele yetu bila kuombwa.

Orodha yao ya mizigo ni nusu ya kufaa na nusu ya biashara. Wanasisitiza suruali na mashati ya kijani kibichi ambayo, kwa bahati, yanauzwa papo hapo ofisini. Sokwe hawajali rangi ya suruali yako. Mkazo ungekuwa kwenye koti la mvua lenye kofia, ambalo mitumba ya Owino, soko la Kampala, inayo ya kutosha kwa bei nafuu, na ambalo hutalivua alfajiri hata kusiponyesha, kwa sababu ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na upepo wa boti iendayo kasi hupenya. Baada ya saa nne asubuhi jua la Ikweta hukupiga kutoka juu na kutoka majini, kwa hiyo kofia iwe na kamba ya kufungia kidevuni. Simu, pesa na dawa viingie katika mfuko mzito usiopitisha maji, unaokunjwa mdomo na kubanwa. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki wa sokoni, mbali na kwamba sheria inalipiga vita, hupasuka kwenye msumari wa kwanza. Darubini ya kukuza mara nane inatosha. Ile ya mara kumi na mbili unayosifiwa dukani haina faida ndani ya boti, kwa kuwa hukuza na mtikisiko pia. Beba kitambaa chepesi cha kufunika mdomo, maana kuna wadudu wa ziwani wanaopanda kwa makundi yanayofanana na moshi, na ingawa hawaumi, kuwameza si jambo la kupendeza. Choo hamna. Wanalisema hilo wazi kwenye karatasi, nami nawasifu kwa ukweli wao.

Swali la mafua nililielewa vizuri Ngamba. Kisiwa hicho, kilichoko kilomita 23 hivi kusini-mashariki mwa Entebbe, ni hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya sokwe yatima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara haramu. Leo wapo wapatao 50 katika msitu wa ekari takriban 100. Sokwe hawawezi kuogelea, hivyo maji yenyewe ni ukuta wao, na magonjwa yetu ya njia ya hewa huwapata kama yanavyotupata sisi. Msitu hautoshi kuwalisha wote, kwa hiyo hupewa chakula kwa saa maalumu, nawe hutazama kutoka jukwaa lililoinuliwa nyuma ya uzio wa umeme. Jike mmoja alidaka papai, akalibana kwapani, akadaka la pili, kisha akaokota la tatu kwa mguu na kuondoka akichechemea kwa uzito wa mali yake, huku dume mmoja akiunyoosha mkono kuelekea kwa mlinzi kama mtu anayedai chenji. Kampuni ilikuwa imepanga muda wetu uangukie saa ya kulisha. Usichukulie kwamba kila kampuni hufanya hivyo. Fika nje ya saa hiyo na huenda ukaambulia miti.

Kosa lenyewe lilitokea siku ya pili. Tulisimama katika kisiwa kidogo cha Ssese kisicho na gati, tukaambiwa tuvue viatu na kutembea hadi ufukweni katika maji ya magotini, katikati ya matete. Karatasi yao ya maelekezo haina hata neno moja kuhusu kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi katika maji ya kina kifupi yenye majani, yaani mahali hasa tulipokanyaga, na huchukua dakika chache tu kupenya ngozi. Ingetosha boti iburutwe hadi mchangani na kuwekwa ubao wa kushukia. Asiyepewa hayo ashuke na buti za mpira zinazopita magoti, ajikaushe mara moja kwa taulo akiloa, na amweleze daktari baadaye. Dawa ya praziquantel haiwadhuru sana minyoo michanga ya kichocho, ndiyo maana hutolewa wiki kadhaa baada ya mtu kugusa maji. Nililalamika, nahodha akasikitika kwa dhati, ofisi ikaniambia kuwa wageni hupenda kuloa miguu. Kwa jibu hilo nimewapunguzia alama zaidi kuliko kwa kosa.

Bugala sina mengi ya kusema: malazi safi, vyandarua vizima, sato wa kukaanga mzuri, na michikichi ya mashamba ya mafuta iliyochukua nafasi kubwa mahali ambapo mtu angetarajia msitu.

Mabamba ndiyo iliyobeba safari yote. Huko unahama kutoka boti ya injini na kuingia mtumbwi mwembamba, unapigiwa kasia na mwongozaji wa kijijini kupitia vijia vya maji kati ya mafunjo. Korongo-nyangumi, ndege ambaye Waganda humwita bulwe, alikuwa amesimama pembeni, mrefu wa zaidi ya mita moja, hatikisiki, akingojea samaki aitwaye kamongo apande kuvuta hewa. Wavuvi wa hapo zamani walimwona kuwa ndege wa mkosi. Sasa vijana wao hula kwa jina lake. Kaa kimya, na vua koti lolote linalochakarisha.

Bei hutozwa kwa boti, si kwa kichwa, kwa hiyo jazeni viti vyote vinane; kiingilio cha Ngamba na mtumbwi wa Mabamba hulipwa kando. Jambo la mwisho la kudai kwa maandishi ni hili: dhoruba ikiwazuia Bugala usiku mmoja wa ziada, nani analipia chumba? Sisi tuliambiwa kwa mdomo kwamba ni kampuni. Kwenye risiti yetu, chini kabisa kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba ni abiria.