Filta ya maji ya kunywa: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Kabla hujauliza bei, jiulize maji yako yanatoka wapi. Kwa Arusha jibu la swali hilo ndilo linaloamua ununue nini. Maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, hasa Usa River, Maji ya Chai, Ngurdoto na Ngarenanyuki, yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Huioni, huinusi, na ulimi haukuambii kitu. Ndiyo inayowaachia watoto mabaka ya kahawia kwenye meno, na mtu akiinywa kwa wingi miaka nenda miaka rudi, inakaza viungo na kupinda mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania tuliwahi kuruhusu mpaka 4 kabla ya kushuka kwenye kiwango hicho, na bado vipo visima vya huko vinavyoipita hata hiyo 4.

Kuchemsha hakuiondoi. Kunaua vijidudu vizuri tu, hata hapa kwetu juu ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini floraidi haipandi na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Filta nyingi zinazouzwa madukani nazo haziigusi, hata kama boksi limeandikwa maneno mazuri kiasi gani.

Kwa hiyo kama unatumia kisima au chemchemi upande huo, hela ya kwanza iende maabara. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Arusha, na Ngurdoto kuna kituo chake cha utafiti wa kuondoa floraidi. Omba wapime floraidi na vijidudu: ya floraidi chukua chupa safi ya plastiki, isuuze kwa maji yenyewe ya kisima, ijaze, peleka; ya vijidudu waombe maabara chupa yao iliyotakaswa, na hiyo usiisuuze. Kama ni maji ya mamlaka, uliza ofisini kwao eneo lako linalishwa na chanzo gani, maana mji mmoja unaweza kuwa na vyanzo vyenye viwango tofauti kabisa.

Sasa tupange. Nimezipanga kwa mtu ambaye shida yake ni vijidudu na tope, kwa sababu ndiyo shida ya wengi mjini na karibu Moshi yote. Wa floraidi nitamfikia.

Namba moja: ndoo mbili zilizopandana, na mishumaa ya keramiki, yaani vichujio vya udongo uliochomwa vyenye umbo la mshumaa, ndani ya ile ya juu. Haina umeme wala presha. Maji yanajichuja yenyewe usiku mmelala. Vitundu vya mshumaa mzuri ni vidogo kuliko bakteria wengi wa tumbo, na vimelea vya tumbo kama amiba na giardia hawapiti kabisa. Virusi wanaweza kupita, kwa hiyo kipindi cha mlipuko wa kuhara ongeza kidonge cha klorini kwenye maji yaliyochujwa, au yachemshe. Familia ya watu watano inakunywa kama lita 10 kwa siku. Mshumaa mmoja ni wa polepole, kwa hiyo chukua ndoo yenye miwili.

Dukani, mshumaa utoe kwenye boksi uushike. Angalia ufa pale keramiki inapokutana na kitako cha plastiki, ndipo panapoanzia. Ukifika nyumbani uloweke mpaka ushibe maji, kisha ukiwa bado ndani ya beseni pulizia kwenye kitundu chake cha chini. Mapovu yakitoka mfululizo sehemu moja, una ufa, rudisha siku hiyohiyo na risiti yako. Tazama pia koki: iwe na washa mbili za mpira, ya ndani na ya nje. Na usitoke dukani bila kuuliza kama mishumaa ya akiba inauzwa peke yake. Filta isiyo na spea ni ndoo ya kawaida yenye bei kubwa. Kusafisha ni brashi laini na maji safi, basi. Sabuni usiiguse, inaingia kwenye vitundu na utainywa.

Namba mbili ni chungu cha udongo kinachokaa ndani ya ndoo ya plastiki. Udongo unachanganywa na pumba au maranda, yakiungua kwenye tanuri yanaacha vitundu, halafu chungu kinapakwa madini ya fedha ili vijidudu visizaliane. Arusha vinatengenezwa hapahapa, na kitu kilichotengenezwa karibu mara nyingi ni rahisi kukipatia cha kubadilisha. Nimekiweka chini ya mishumaa kwa sababu moja tu: kikianguka wakati wa kuoshwa, umepoteza filta nzima, na nyumba yenye watoto inajua jinsi vitu vinavyoanguka.

Namba tatu, filta ya nyuzi, kile kitu kidogo unachokifunga kwenye ndoo kwa mpira. Kipo chenye vitundu vya maikroni 0.1, sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kinatoa maji haraka kuliko keramiki, na kikiziba unakirudishia maji kinyume kwa sirinji yake. Kwa watu wa Kibosho na Uru wanaochota maji ya mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga, hiki ningekipandisha mpaka juu, ila wakati wa masika acha tope litulie kwanza usiku kucha, kisha pitisha maji kwenye kitenge kilichokunjwa mara nne. Ukimimina tope moja kwa moja, sirinji itakuwa kazi yako ya kila jioni.

Ya mwisho kabisa ni ile mitungi ya plastiki yenye ghorofa tatu, mawe ya rangi na kijimkaa kidogo. Inapendeza mezani. Mkaa unaondoa harufu ya klorini, hiyo ni kweli. Lakini mara nyingi kazi ya vijidudu inafanywa na mshumaa mmoja mdogo ulioko juu, na mshumaa huo huo unaupata kwenye ndoo bila kulipia mawe.

Mashine ya RO (reverse osmosis) nimeiacha nje ya foleni makusudi. Inasukuma maji kwenye utando mwembamba kiasi kwamba hata floraidi nyingi inabaki nyuma. Kwa Maji ya Chai ni dawa. Kwa Moshi mjini, ni anasa. Inataka presha ya karibu bar 3, na simtanki lililoinuliwa mita 3 linakupa bar 0.3 tu, kwa hiyo utanunua na pampu, na siku umeme ukikatika hakuna maji. Tena kwa kila lita unayokunywa, lita kadhaa zinamwagika. Zikinge, ni nzuri kwa kudekia na chooni.

Wauzaji wa RO wana mchezo wao. Anakuja na glasi mbili, ya maji yako ya bomba na ya mashine yake, anatumbukiza vyuma vyenye waya wa umeme. Baada ya dakika glasi yako inageuka kahawia kama kutu, yake inabaki nyeupe. "Mama, hiki ndicho unachowanywesha watoto?" Ile ni kutu kweli, ya vyuma vyake. Maji ya bomba yana madini yanayopitisha umeme, ya RO karibu hayana, basi. Ile kalamu yake inayoonyesha namba nayo inapima jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Haijui floraidi wala vijidudu.

Kama kipimo kimeonyesha floraidi imepita kikomo na bei ya RO imekuzidi, ziko njia tatu. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, unanasa floraidi vizuri lakini unachoka, kwa hiyo usiununue bila kuambiwa unabadilishwa lini. Pili, maji yaliyochujwa kwa teknolojia ya Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, iliyoshinda tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Tatu ni mvua: bati safi, mifereji, simtanki lenye mfuniko, na maji ya dakika za kwanza za kila mvua yamwagwe. Maji hayo yapitishe kwenye mishumaa, na kama hayatoshi wote, wape kwanza watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengwa ndani ya fizi.

Halafu magadi. Yana floraidi yake, wakati mwingine nyingi kuliko ya kisima, na makande yanaiva bila magadi ukiloweka maharage na mahindi usiku.