Siku nne Islay: tafuta dereva kabla ya chupa

Nianze na kosa langu. Nilipoamua kwenda Islay, kile kisiwa cha magharibi mwa Scotland chenye viwanda vya wiski kama kumi hivi, nilianza kwa kuorodhesha chupa ninazozipenda. Kisha nikamlipa wakala mmoja wa mtandaoni aliyeniahidi viwanda sita kwa siku mbili. Rafiki yangu aliyewahi kufika huko alicheka mpaka akakohoa. "Sita? Ukifika cha nne hata jina lako hulikumbuki." Nikaahirisha. Nusu ya pesa niliyotanguliza sijaiona mpaka leo.

Mara ya pili nikaanza na dereva. Scotland wamebana kuliko jirani zao: tangu 2014 kikomo ni miligramu 50 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, wakati England bado ni 80. Ukishaonja vikombe vitatu kiwandani, gari umeliaga. Nikampigia simu mdogo wangu wa kike, Mlokole wa kweli, hata lubisi, pombe ya ndizi ya kwetu Bukoba, hagusi. Akajibu, "Nitaendesha, kaka. Ila mafuta na chakula ni juu yako." Tukaelewana.

Kutoka Glasgow hadi bandari ya Kennacraig ni karibu saa tatu za barabara inayozunguka milima na maziwa. Halafu feri, saa mbili na kitu. Kinachosumbua ni nafasi ya gari. Kiangazi zinajaa mapema mno, na mwishoni mwa Mei, wakati wa Fèis Ìle, tamasha la wiski na muziki la kisiwani, kama hukuwahi miezi mingi nyuma basi kaa nyumbani. Anayepanda kwa miguu hana presha hiyo. Ndege ipo pia kutoka Glasgow, haifiki hata saa moja. Kwa wanaotoka nyumbani: visa ni ile ile ya Uingereza, hakuna ya Scotland peke yake. Mimi nilikata feri kwanza, nikatafuta chumba kijijini Port Ellen, nikalipia ziara za viwandani, ndipo nikarudi kwenye orodha yangu ya chupa. Nilikuta nusu yake haina maana tena.

Jambo moja hakuna aliyenidokezea. Pale kisiwani kila dereva anakupungia mkono, anakujua au hakujui. Mdogo wangu siku ya kwanza alidhani taa zetu zina hitilafu. Siku ya pili alikuwa anapunga yeye kwanza, kama yuko kwetu njia ya Kashozi.

Kiwanda cha Laphroaig ndipo safari ilipolipa gharama zake. Viwanda vingi vinanunua kimea kilichotengenezwa kwingine, na wao pia wananunua kingi, lakini nilipofika sehemu fulani walikuwa wakiiotesha wenyewe sakafuni kwa mtindo wa zamani. Unaingia chumba kirefu chenye dari la chini, shayiri iliyolowekwa imetandazwa sakafu nzima, ya vuguvugu ukiigusa, kila punje imechomoza kimzizi cheupe. Lazima igeuzwe mara kwa mara, la sivyo mizizi inasukana na kuwa mkeka. Tulipewa koleo la mbao tujaribu. Nilisukuma mara nne, kiuno kikaniambia inatosha. Mtu aliyewahi kuona mtama ukioteshwa kwa ajili ya pombe hana la kuelezwa pale. Tofauti inakuja kwenye kukausha. Wao wanachoma piti, ule udongo mweusi wa tindiga uliojaa mimea ya kale, unaokatwa kama matofali na kuanikwa. Moshi wake unaingia kwenye kimea na hautoki tena. Ndiyo maana wiski ya kusini mwa Islay inanuka wodi ya hospitali na samaki wa moshi kwa pamoja. Mimi naipenda. Nimeshuhudia watu wazima wakiirudisha glasini.

Tulipofika kwenye mitambo, ile mikubwa ya shaba yenye shingo ndefu, mdogo wangu alininong'oneza: "Kaka, huu si mtambo wa bibi?" Nilishindwa kujizuia. Bibi alikuwa na pipa, mrija na karai la maji baridi, amejificha migombani kwa kuwaogopa mgambo. Hesabu ni ile ile: chemsha, mvuke upande, upoe, udondoke. Na Waskoti nao walikimbizana na serikali miaka mingi, mpaka sheria ya 1823 ilipofanya leseni iwe nafuu kiasi cha watu kuona heri kulipa. Kwetu gongo bado ni kesi. Tofauti nyingine ni subira. Wiski ya Scotland kisheria lazima ilale angalau miaka mitatu ndani ya pipa la mwaloni. Ya bibi ilikuwa imeshanyweka kabla ya isha. Ghalani mwongozaji akaeleza kwamba karibu asilimia 2 ya kilichomo pipani hupotea hewani kila mwaka, nao huita fungu la malaika. Mdogo wangu akaninong'oneza tena, kwamba malaika hawanywi.

Na sasa nina kiwanja Ulaya. Usicheke. Ukinunua chupa ya Laphroaig na kuisajili, wanakupa futi moja ya mraba ya shamba lao, cheti kabisa, na ukija unadai kodi yako: tone la wiski. Nilivaa buti za mpira, nikavuka barabara, nikachomeka kibendera chini ya mvua. Jirani zangu wa kiwanja walikuwa Wajerumani wawili.

Kutoka Port Ellen kuna njia ya miguu inayopita viwanda vya Laphroaig, kisha Lagavulin, hadi Ardbeg, kama kilomita tano. Siku ya tatu nilimpumzisha dereva nikaitembea peke yangu. Ndiyo siku niliyoonja kwa amani. Lagavulin nilikaa sana, Ardbeg nilifika na njaa nikala zaidi ya nilivyokunywa. Viwili kwa siku vinatosha. Cha tatu ulimi unakuwa kama ubao.

Bowmore, kilichoanzishwa 1779, tulikipitia haraka, na kilichonibaki kichwani si wiski. Joto la ziada la kiwanda linapasha bwawa la kuogelea la kijiji, na bwawa lenyewe limo ndani ya ghala lao la zamani. Mdogo wangu aliogelea humo saa nzima, akasema ndiyo wiski pekee atakayoigusa.

Malalamiko? Chumba chetu kilikuwa na baridi, na mwenye nyumba alihesabu blanketi la pili kama anasa. Chakula cha jioni bila kuweka nafasi ni bahati nasibu. Mvua haiombi ruhusa, kwa hiyo beba koti la kweli, si lile la picha. Nyota nne kati ya tano.

Dereva hanyimwi haki yake pia: walimjazia vichupa vidogo avibebe, akanywe akifika nyumbani. Alirudi navyo vitano. Nimemwomba mara tatu. Anasema ni vya kuchulia magoti.