Kibanda cha penalti cha Idd pale Buntwani: nyota tatu, na jezi yangu bado naidai

Waliopita Buntwani, hapa Malindi, hizi siku za Idd lazima wamekiona, goli la mabomba limesimamishwa mchangani ubavuni mwa pembea, jamaa ana spika na filimbi na kipa wake mmoja mrefu mwembamba kama mlingoti wa jahazi. Jina la kibanda silitaji, manake mwenyewe ni mtu mzima na tunasalimiana. Bei ni hii: mia moja unapata mikwaju mitano, ukifunga minne unabeba jezi, mitatu unapewa soda, chini ya hapo unaambiwa "pole mwanangu" halafu anaitwa mwengine.

Nianze na mazuri kabla hasira hazijanipanda. Mpira ni mpira kweli, si lile dude la plastiki linalopeperushwa na kaskazi mpaka baharini. Nyavu zimefungwa vizuri, watoto wanapiga kwa hamsini na wanasogezwa karibu, na adhana ikiingia spika inazimwa bila kuambiwa. Na kipa, wallahi, yule kijana anaruka. Nimekaa pale nikila viazi karai nikamhesabu, watu wanane mfululizo hakuna aliyebeba jezi.

Sasa vipimo. Penalti ya kweli ni mita 11 na goli ni mita 7.32 nguzo hadi nguzo, hapa jamaa anahesabu hatua tisa zake mwenyewe na goli ni dogo kiasi kipa akinyoosha mikono amelimaliza nusu. Hilo silo neno, ni mchezo wa Idd, goli dogo hatua chache, mizani imekaa.

Shida ilianza mkwaju wangu wa pili. Wa kwanza nimefunga, wa pili naupiga kipa ashatoka mstarini hatua mbili nzima, kaupangua na kifua. Nikamwambia mwenyewe, ami, kipa anatakiwa walau sehemu ya mguu mmoja iwe kwenye mstari au nyuma yake mpira unapopigwa, hii inarudiwa. Kombe la Dunia 2022 Lewandowski wa Poland alipiga dhidi ya Ufaransa, kipa wao Lloris akapangua, refa akarudisha kwa sababu Lloris alikuwa katoka, ya pili Lewandowski akafunga. Ami akanitazama akasema, "Hapa si Qatar mwanangu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaacha.

Wa tatu nyavuni. Wa nne nyavuni. Wa tano ndio jezi.

Basi nikaja taratibu, na karibu na mpira nikaruka karuko kadogo vile anavyofanya Jorginho, yule Muitaliano, kipa akalala kushoto kama gunia la nazi, mimi nikausukuma kulia polepole. Goli. Watu wamesimama, kuna mtoto kaangusha mabuyu yake. Halafu filimbi. "Umezuga! Hairuhusiwi! Umekosa!"

Hapa ndipo nilipokaa nusu saa nzima juani nikibishana, na naomba mnisikilize kwa sababu mitaani watu wengi wanaichanganya hii. Kuzuga kwenye mkimbio kunaruhusiwa. Punguza mwendo, badilisha hatua, ruka, cheza chakacha ukitaka, Sheria ya 14 ya soka, ile ya penalti, haikukatazi. Kinachokatazwa ni ukishamaliza mkimbio, ushafika kwenye mpira, halafu ujifanye unapiga na hupigi, umngoje kipa alale ndio upige. Wabrazili walikuwa na jina lake kabisa, paradinha, na ni 2010 kabla tu ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini ndipo wenye sheria, IFAB, walipoifunga hiyo njia. Na tangu 2016 adhabu imekuwa kali, ukizuga hivyo hata mpira ukiingia goli hakuna, unalambwa kadi ya njano na wapinzani wanapewa frikiki isiyopigwa moja kwa moja golini. Kwenye penalti za mchujo, zile za kuamua mshindi, unaandikiwa umekosa, basi.

Kwa hivyo ami adhabu yake aliijua, kosa ndilo hakulijua. Mimi karuko kangu kalikuwa ndani ya mkimbio, nimetua nikapiga papo hapo, sikusimama. Jorginho aliwatoa Uhispania hivyo hivyo nusu fainali ya Euro, Wembley 2021, na hakuna refa aliyepuliza. (Fainali Pickford, kipa wa Uingereza, aliupangua wake, najua, msinikumbushe.)

Sasa shika hii. Anayefuata baada yangu ni kijana kavaa jezi ya Italia, mkwaju wake wa tatu kafika kwenye mpira, kasimama dede, kaupitisha mguu juu ya mpira bila kuugusa, kipa kaenda chini, ndio akaugusa kwa kidole ukaingia. Hiyo ndiyo zuga yenyewe, hiyo ndiyo haramu! Ami kapiga makofi, "Safi sana!", kijana akaja kuondoka na soda.

Pembeni kulikuwa na babu mmoja wa Kiitaliano, hawa waliokaa Malindi mpaka Kiswahili chao kina lafudhi ya Kigiriama, na ayskrimu yake mkononi. Kuhusu yangu alisema "regolare", yaani halali, ya yule kijana akatikisa kidole. Vijana wa bichi wakaanza kubishana naye kwa Kitaliano na mmoja akamtajia Zaza, Muitaliano mwenzake, yule wa Euro 2016 dhidi ya Ujerumani, aliyekwenda kwa vihatua vya kuku wa moto mpaka kwenye mpira, halali kabisa kisheria, halafu akaupeleka juu ya mwamba. Babu akanyamaza akarudi kwenye ayskrimu yake. Mimi nikapewa soda.

Kusema kweli namuonea huruma ami kidogo. Mkimbio umeisha wapi hasa, hilo anaamua refa kwa jicho lake, na ami ndiye refa, ndiye mwenye goli, ndiye mwenye jezi, kila jezi ikitoka inatoka mfukoni mwake. Ila basi angetukataza sote.

Kesho yake nimerudi. Kumbe keshatundika boksi kwenye nguzo kaandika kwa makaa KUZUGA MARUFUKU. Nikamuuliza ami, kuzuga kupi? "Kwote." Haya, hiyo naikubali, si sheria ya IFAB lakini imeandikwa na unaisoma kabla hujatoa mia yako. Nikatoa nyengine. Nikapiga kavu kavu bila mbwembwe, mitatu ndani, mmoja nguzo, mmoja kipa kaudaka na kicheko.

Nyota tatu. Mbili za kipa, moja ya lile boksi. Soda zote mbili zilikuwa moto.