Skili na profishensi kwenye D&D toleo la tano: uzoefu wangu

D&D toleo la tano, hili la 2014 (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika), nimelicheza sana, kama mchezaji na kama DM pia, yaani anayeongoza mchezo, so sheria zake za skili nimeziona kutoka pande zote mbili za meza. Niseme mapema kwamba nazipenda. Skili, yaani mambo karakta anayoweza kujaribu kufanya, ni 18 tu, uliyo na profishensi nayo (uliyosomea) unaiwekea alama kwenye karatasi ya karakta wako basi, bonasi unayojumlisha kwenye dadu inaanza +2 na inapanda yenyewe mpaka +6 ukifika levo ya 17. Waliocheza toleo la tatu wanajua, kila ukipanda levo unakaa kugawa pointi kwenye skili moja moja, mtu mmoja anahesabu meza nzima inasubiri. Sijaimisi hata kidogo.

Shida yangu ni dadu. Ina pande 20, halafu levo za mwanzo mtaalamu wako ana +5 tu (ile +2 ya profishensi na +3 ya kipaji chake), yaani bahati inameza ujuzi. Kwenye kampeni yetu tulikuta maandishi ya kichawi ukutani, DC 15 (dadu na bonasi zifike 15), Wizard wetu, yaani mchawi, mwenye profishensi ya Arcana, skili ya elimu ya uchawi, akarusha akapata 6, jumla 11, hola. Barbarian, mpiganaji wa nguvu, ambaye Intelligence (akili) yake inampa -1 akasema ngoja na mie nijaribu, dadu ikatua 18, akayasoma!! Tulipiga kelele kweli lakini yule wa Wizard ukimtazama unaona kabisa imemuuma, na ana haki, karakta mzima kamjenga kwa ajili ya dakika kama ile. Ukipiga hesabu Wizard anafaulu asilimia 55, Barbarian 25, na wakijaribu meza nzima mara nyingi kuna mmoja atapatia tu, sasa kusomea uchawi kuna faida gani?

Rogue, klasi (aina ya karakta) ya wajanja na wezi, angalau kapewa Expertise, bonasi ya profishensi kwenye skili alizochagua inazidishwa mara mbili tangu levo ya 1, na akifika 11 anapata Reliable Talent, dadu ikitua chini ya 10 kwenye kitu alicho na profishensi nacho inahesabiwa 10. Hapo ndo unahisi unacheza mtu anayeijua kazi yake. Natamani kila klasi ingepewa kitu cha hivyo, na mapema.

Kilichotuokoa ni DM kuamua mambo ya kusomea anarusha mwenye profishensi peke yake. Wala hajavunja sheria, kufuli la kawaida kitabuni liko hivyohivyo, kama huna profishensi ya vifaa vya wezi huligusi, hata kumsaidia anayelifungua huwezi. Na kama jambo ni dogo kwa mtaalamu, hakuna dadu, anafanya tu.

Ukijiunga na meza mpya muulize DM anarushisha dadu kwa vitu gani kabla hujachagua skili, maana kuna meza Perception (kuona na kusikia vitu) inaitwa kila saa na History haiguswi kampeni nzima, na profishensi zenyewe unapewa chache.