Kumalizia shahada mtandaoni ukiwa Lamu: chuo kipi kwanza, kipi mwisho

Mtu mzima anayetaka kumalizia shahada aliyoiacha njiani huanza kwa kuuliza karo. Anayo haki ya kuuliza, ila lipo swali la kutangulia: yuniti zako za zamani zitahesabiwa ngapi? Chuo cha karo ndogo kinachokurudisha mwaka wa kwanza kitakula pesa nyingi kuliko cha karo kubwa kinachokupokea mwaka wa tatu. Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa bei.

Kabla ya jina lolote, tazama tovuti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Hakikisha chuo kina kibali, kisha hakikisha kozi yenyewe ina kibali. Wengi huishia hapo pa kwanza. Na kama kazi yako ina baraza lake, mathalani uuguzi, uhandisi au sheria, ulizia huko pia, maana baraza likiikataa kozi, shahada itabaki ya kutundika ukutani. Muuguzi asidhani atamaliza yote mbele ya skrini. Zamu za wodini hazifanywi kwa simu.

Namba moja: chuo ulichoanzia

Hata kama ulikiacha kwa hasira. Pale una namba ya usajili, una matokeo, na yuniti zako hazihitaji kubembelezewa mtu. Mwandikie msajili wa masomo uombe kurejea, na umtake akujibu kwa maandishi: yuniti zipi bado zinakubalika, mwisho wa kumaliza ni lini, na zilizobaki zinafundishwa mtandaoni au la. Vyuo huweka ukomo wa miaka na mitaala hubadilika, kwa hiyo usishtuke ukiambiwa somo moja au mawili uyasome upya.

Kama uliondoka na deni la karo, lianze hilo. Mwenye deni kwa kawaida hapewi transkripti, yaani hati ya matokeo yake yote, na bila transkripti hata chuo kingine hakina cha kukupimia. Watu hujificha na deni hilo miaka na miaka, kumbe ofisi ya fedha ukiiendea kwa adabu mara nyingi hukubali ulipe kidogo kidogo.

Namba mbili: Chuo Kikuu Huria cha Kenya

Hiki kilipata hati yake mwaka 2023, makao yake ni Konza, na kilianzishwa ili kifundishe mtandaoni. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini, ambaye hata kufika Amu mjini ni safari ya boti, hilo si jambo dogo. Ila kozi zake si nyingi, na zimeelemea sayansi ya data, usalama wa mitandao, biashara na ualimu wa teknolojia. Aliyeacha nusu ya shahada ya historia au Kiswahili huenda asipate la kufanya hapa. Mwenye diploma ya biashara, au karani wa ofisi anayetaka kuhamia mambo ya kompyuta, ningemwambia aanze hapa, hata mbele ya chuo chake cha zamani ikiwa yuniti alizoacha ni chache.

Namba tatu: Kenyatta, Nairobi, Maseno

Vyuo hivi vimefundisha watu walio mbali kwa muda mrefu, na jina lao halihitaji kuelezwa kwa mwajiri yeyote wa Kenya. Swali la kuviuliza ni moja tu: mtihani unafanyiwa wapi? Masomo yakiwa mtandaoni na mtihani ukawa Mombasa, piga hesabu ya boti hadi Mokowe, basi la kupitia Witu, Garsen na Malindi, malazi, chakula, na siku za kuomba ruhusa kazini. Zidisha kwa kila muhula. Hapo karo iliyoonekana nafuu hubadilika sura.

Mkaazi wa Malindi aipandishe namba hii. Mombasa kwake ni kilomita 120 hivi, anaweza kwenda na kurudi. Tena Kilifi ipo nusu ya njia, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko pale. Mwalimu wa Malindi aulize kuhusu masomo ya wakati wa likizo kabla hajajifunga na mtandao.

Namba nne: vyuo vya nje

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwepo tangu 1992, na UNISA ya Afrika Kusini ilianza kusomesha kwa posta mwaka 1946. Si vyuo vya kubahatisha. University of the People ya Marekani, iliyoanzishwa 2009, haitozi karo ya kufundishwa, ila hutoza ada kwa kila somo.

Nimeviweka nyuma kwa sababu mbili. Shahada ya nje huhitaji kutambuliwa hapa nyumbani, kwa hiyo pata jibu la maandishi kabla ya kulipa. La pili ni sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi 130 hivi. Aliyepangia bajeti ya miaka mitatu kwa dola asidhani anajua atalipa ngapi.

Anayekuahidi shahada kwa "uzoefu wa kazi" bila kusoma hana namba kwangu.

Mengine ya kupima

Kipato cha Lamu hufuata upepo. Kusi ikianza, wageni hupungua, na mwongoza watalii au mwenye boti hukaa bila pesa miezi kadhaa. Chuo kinachokubali ulipie yuniti moja moja kitakufaa kuliko kinachodai muhula mzima siku ya usajili. Mwenye ajira aulizie mkopo wa Jielimishe wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu.

Omba pia kalenda. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mtihani ulioko mbali na funga mwaka huu unaweza kuangukia kumi la mwisho kabla hujamaliza. Uliza sera yao ya kuahirisha mtihani, na kama kuahirisha kuna faini.

Kuhusu vifaa, simu inatosha kusoma, haitoshi kuandika kazi ndefu wala kufanya mtihani unaosimamiwa kwa kamera. Nunua laptopu iliyotumika yenye betri inayoshika chaji, kwa kuwa stima ikipotea katikati ya mtihani, betri ndiyo itakayokumalizia. Weka bando la mtandao wa pili kwenye laini nyingine. Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, Amu mjini, zina kuta nene mno. Jaribu mtandao ndani ya chumba kile kile utakachofanyia mtihani, saa ile ile, kabla ya siku yenyewe.

Karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kwa namba yako ya usajili, na risiti uihifadhi. Wakala atakayetaka umtumie M-Pesa kwa namba yake "akusaidie kupata nafasi", muage kwa salama.