Ligi Kuu ya Rwanda uwanjani: Amahoro pazuri ila mpira upo Nyamirambo

Kila Mbongo akitua Kigali wikiendi swali ni lile lile, leo nani anacheza na nani, tiketi shilingi ngapi, twende Amahoro? Sasa naandika hapa mara moja nisiwe narudia kila siku. Mi naishi huku, mechi za ligi yao naenda sana, na sina upande (sawa, ni timu ya Rayon Sports, mngejua tu mbele ya safari).

Tuanze na uwanja wa Amahoro maana ndo kila mtu anaulizia. Upo Remera, ulifumuliwa ukajengwa upya ukazinduliwa rasmi Julai 1, 2024, sasa unaingiza watu 45,000 na paa limefunika majukwaa yote, yaani mvua ya Kigali ishuke inavyotaka wewe unatafuna karanga zako tu. Viti safi, ukikaa hata juu kabisa namba za jezi unazisoma. Kwa uwanja sina neno. Shida ni kinachoendelea pale chini. Juni 2024 waliujaribisha kwa Rayon na APR, 0-0. Dabi ya ligi Desemba mwaka huo huo, 0-0. Marudiano Machi 2025, 0-0 tena! Watu wamejaa, wamepaka rangi usoni, vuvuzela tangu mchana, halafu timu mbili zinaogopana dakika 90 mnatoka mnaangaliana. Mabao yalikuja kutokea fainali ya Kombe la Amani Mei 2025, mawili, yote ya APR, naomba tusiliongelee sana hilo.

Na hapo ndo penye tatizo la ligi nzima. APR ni timu ya jeshi, ina hela na kambi ya uhakika, ubingwa kachukua mfululizo kuanzia 2020 mpaka 2025. Ule wa 2020 kachukua bila kufungwa hata mechi moja, korona ikakatisha msimu akakabidhiwa kombe. Rayon ndo ina mashabiki wengi nchi nzima, ilianzia Nyanza mwaka 1968, lakini ubingwa wa mwisho ni 2019. Msimu wa 2024/25 tuliongoza muda mrefu kweli, watu wakaanza kuagiza jezi, mwishoni APR akapita kama kawaida. Timu 16 zinashindana ila mwezi wa tano ushajua nani anabeba, sasa hela ya kiingilio unalipia nini?

Unalipia Nyamirambo. Kigali Pelé Stadium, ule waliubadilisha jina 2023 wakati mkutano wa FIFA umefanyika hapa, wenyeji wengi bado wanasema tu "Nyamirambo" na dereva wa moto (bodaboda za huku) anakuelewa. Mdogo, nyasi bandia, mpira unadunda vibaya na mchezaji akiteleza anainuka anajipangusa vile vipira vyeusi vya kwenye nyasi bandia. Lakini unakaa karibu na wachezaji kiasi kwamba unasikia kocha anavyomfokea beki. Na mtaa huu Kiswahili kipo tangu zamani, kwahiyo nyuma yako kuna wazee wawili wanabishana kwa Kiswahili safi kuhusu beki wa kushoto kwanini hapandi, mmoja anasema umri, mwingine anasema ni mvivu toka zamani, na wakikugundua ni mtu wa Bongo wanahamia kwa Haruna Niyonzima alivyotoka APR kwenda Yanga 2011, hapo mechi hamuangalii tena. Mechi ikiisha unatembea mpaka mtaa wa Biryogo, chai ya maziwa na chapati, mishikaki kama una njaa kweli.

Kiwango? Wale wanaocheka ligi hii wakumbuke Agosti 2024, Azam walishinda 1-0 Dar wakaja Amahoro wakapigwa 2-0 na APR wakatolewa Ligi ya Mabingwa. Ila huo ni usiku mmoja. Wiki ya kawaida, Kiyovu au Mukura ya Huye dhidi ya timu ya katikati, pasi tatu halafu mpira mrefu, kasi ndogo, na jukwaani watu wa kuhesabu, hasa zile mechi za saa tisa alasiri katikati ya wiki, nani anatoka kazini saa hizo?

Huduma sasa. Tiketi unanunua kwa simu, ikikubali ni dakika mbili umemaliza. Siku moja hela ilikatwa na tiketi haikuja, nikasimama getini naonesha meseji ya muamala kwa mlinzi ambaye kosa si lake, nikanunua nyingine. Ratiba nayo inahamahama, mechi inasogezwa siku mbili kabla, kwahiyo usikate tiketi ya basi kutoka Bongo kwa kuangalia ratiba ya mwezi uliopita. Usalama uko vizuri sana, hata ukiwa na watoto na hata dabi, foleni inaenda, hakuna kusukumana kule tulikozoea.

Nawapa 6 kati ya 10, Nyamirambo siku Rayon yupo naipa 8. Kaa upande wenye kivuli, fika mapema, bluu ya Rayon ukivaa utapata marafiki. APR na kitimu kidogo Jumatano alasiri mi siendi, labda uninunulie tiketi na chai juu.